NDEGE ZA MTOA, 1916: PICHA ZA KALE NA MAJINA YASIYOANDIKWA



Katika toleo hili la kumbukumbu, ndugu wengi wanasimulia jinsi walivyovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na 1997 wakikimbia vita. Kamati imeomba ukurasa wa historia nao uwemo, ili vijana waliozaliwa hapa mkoani Kigoma wajue kwamba ziwa lile liliona vita nyingine kabla ya ile yetu. Tumechagua habari za mwaka 1916: kituo cha ndege za kivita kilichokuwa Mtoa, kwenye ufuko wa Kongo kaskazini ya Kalemie, pamoja na picha za kale za vita ile.

Picha za nyakati hizo zinahifadhiwa Ubelgiji, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren na katika Makumbusho ya Jeshi mjini Brussels. Nyingine za vita ya Afrika Mashariki ziko London, katika Imperial War Museum. Siku hizi nakala za picha za namna hii zinapita hata katika simu za vijana wetu. Kijana anaona ndege ya ajabu juu ya maji, wazungu wamevaa kofia za jua, na nyuma yao watu weusi wengi wamesimama. Anauliza: hapa ni wapi? Hawa ni akina nani? Mara nyingi mtu mzima hana la kumjibu. Makala hii inaonyesha kwamba swali la kwanza linaweza kujibiwa kwa kuichunguza picha yenyewe. Swali la pili ni gumu zaidi, na linatuhusu sisi wakimbizi kuliko tunavyodhani.

VITA ILIVYOFIKA ZIWANI

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, upande wa mashariki wa ziwa ulikuwa chini ya Wajerumani, na upande wa magharibi chini ya Wabelgiji. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka huohuo. Kwa njia hiyo waliweza kuleta mizinga na risasi, hata meli nzima vipande vipande. Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Tangu hapo Wajerumani ndio waliokuwa wenye ziwa.

Februari 1915 walishusha majini huko Kigoma meli kubwa zaidi, Graf von Götzen. Ilikuwa imetengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000, kisha ikaungwa upya. Baadaye iliwekwa mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915.

Waingereza nao walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilitoka Afrika Kusini kwa reli, zikavutwa nchi kavu kwa ng'ombe, kwa injini za mvuke na kwa mikono ya watu, zikafika ziwani Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Graf von Götzen ilikuwa kubwa mno kwa mashua zile. Wabelgiji walikuwa wakijiandaa kuvuka na kuingia nchi ya Wajerumani, na meli ile ilikuwa kizuizi. Ndipo ikatafutwa njia ya kuifikia kutoka angani.

NDEGE ZILIVYOFIKA MTOA

Jeshi la majini la Uingereza liliwapa Wabelgiji ndege nne za aina ya Short 827. Hizo zilikuwa ndege za majini: badala ya magurudumu zilikuwa na maboya mawili makubwa chini, mfano wa mitumbwi, na maboya madogo mkiani na kwenye ncha za mabawa. Kila ndege ilikuwa na mabawa ya ngazi mbili, moja juu ya jingine, na upana wake toka ncha hadi ncha ulizidi mita 16. Ilichukua watu wawili, ikaendeshwa kwa injini ya Sunbeam yenye nguvu za farasi kama 150. Mwendo wake haukufika kilomita 100 kwa saa.

Mapema mwaka 1916 ndege hizo zilifika Kongo kwa meli, zikiwa zimefungwa vipande. Ndugu zetu wanaoijua nchi wataelewa safari iliyofuata: reli kutoka Matadi hadi Kinshasa, mashua juu ya mto hadi Kisangani, reli hadi Ubundu, mashua tena hadi Kindu, reli hadi Kongolo, mashua hadi Kabalo, na mwisho reli ya Kabalo hadi ziwani, ambayo ilikuwa imekamilika mwaka 1915 tu. Yote kwa jumla ni zaidi ya kilomita 3,000. Tukihesabu kila mahali ambapo reli inakutana na maji, masanduku yale yalishushwa na kupakiwa tena mara sita kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Mtoa haikuwa mahali pasipojulikana. Kabla ya ukoloni misafara iliyotoka Ujiji ilivuka ziwa na kutua hapo, kisha ikaendelea hadi Manyema. Wabelgiji walipachagua, na mwezi Mei 1916 ndege zilikuwa zikiungwa. Lakini mawimbi ya ziwa kubwa yalizisumbua ndege za maboya, zikahamishiwa Tungwe, kiziwa kilichokingwa karibu na hapo. Kiongozi wa kikosi alikuwa kamanda de Bueger. Miongoni mwa marubani walikuwamo Aimé Behaeghe, Tony Orta na Castiau.

Tarehe 10 Juni 1916 Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka hadi Kigoma wakatupa mabomu bandarini wakiilenga Graf von Götzen. Kutoka Mtoa hadi Kigoma ni kama kilomita 100, karibu zote juu ya maji. Kwa ndege ile ni zaidi ya saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi, na injini ikizimika katikati ya ziwa hakuna wa kukuona. Mashambulizi mengine yalifuata. Hata hivyo meli haikuzama kwa mabomu. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916, baada ya mafundi wake kuipaka injini mafuta mazito isipate kutu. Siku mbili baadaye, tarehe 28 Julai, askari wa Kongo wa Force Publique waliingia Kigoma. Tarehe 19 Septemba waliichukua Tabora.

KWA NINI MABANDA YA NDEGE

Mtu anayetazama picha za viwanja vya ndege vya vita hutazama ndege kwanza. Sisi tunashauri aanze na banda, yaani hangari, kwa sababu banda linaeleza kazi ya mahali kuliko ndege.

Ndege za wakati ule hazikuwa za bati. Zilikuwa za mbao nyepesi zilizounganishwa kwa gundi na waya, zikafunikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuachwa juani. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakiitafuta Königsberg huko Rufiji, waliona hasara hiyo: joto na unyevu viliachanisha gundi, mbao zikapasuka, na baadhi ya ndege zao zikashindwa kazi kabla ya adui kuzigusa. Ukiongeza mvua, upepo na mchwa, utaelewa kwamba bila banda hakuna ndege.

Katika Ulaya ya wakati ule yalitumika mabanda ya kiwanda cha Bessonneau cha Ufaransa: mifupa ya mbao iliyofunikwa turubai, yenye kufunguliwa na kuhamishwa. Katika Afrika Mashariki majeshi yalijenga pia kwa vitu vilivyopatikana mahali: miti ya msituni, kamba, nyasi na makuti. Msomaji wa kambini hahitaji kuelezwa sana. Miti na turubai ni vitu tulivyojengea sisi sote siku ya kwanza. Tunajua nguzo ngapi zinatakiwa, nani huzikata, umbali gani hubebwa, na nyasi za paa hudumu misimu mingapi kabla ya kuvuja.

Sasa fikiria banda la kuingiza ndege yenye upana wa mita 16. Mlango hauwezi kuwa na nguzo katikati, kwa hiyo boriti ya juu lazima iwe ndefu na imara, au ndege iingizwe kwa upande. Mbele ya banda lazima pawe na njia ya mteremko hadi majini, imara kiasi cha kuvuta ndege bila kuzama matopeni. Lazima pawe na mahali pa kuwekea petroli mbali na moto, na mahali pengine pa mabomu. Kwa hiyo ukiona katika picha kipande cha paa au nguzo tu, tayari unaona kazi ya mikono ya watu wengi. Marubani walikuwa wachache. Nguzo hazikukatwa na marubani.

NAMNA YA KUCHUNGUZA PICHA

Tunatoa hapa njia ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia, hata bila kufika makumbusho. Zinafaa kwa picha za Mtoa, na kwa picha nyingine yoyote ya kale.

(a) Soma maandishi, lakini usiyaamini upesi. Maandishi ya chini ya picha mara nyingi yaliandikwa miaka mingi baadaye, na mtu asiyefika mahali pale. Majina nayo yanabadilika. Mtoa huandikwa Mtowa au M'Toa. Kalemie iliitwa Albertville, na katika habari za vita kambi ya hapo huitwa Lukuga kwa jina la mto. Kisangani ilikuwa Stanleyville, na Ubundu ilikuwa Ponthierville. Mtego mkubwa zaidi ni Tungwe, ambayo mara nyingine huandikwa Tongwe. Ng'ambo ya pili, upande wa Tanzania kusini ya Kigoma, kuna Watongwe na nchi yao ya milima ya Mahale. Mtu wa mbali akisoma "Tongwe, Tanganyika" anaweza kuivusha picha ziwa zima bila kujua.

(b) Tafuta jua na maji. Wavuvi wetu wanajua hili bila kufundishwa. Upande wa Kongo jua huchomoza kutoka ziwani na kutua nyuma ya milima. Upande wa Kigoma huchomoza nyuma ya vilima na kutua ziwani. Kwa hiyo picha yenye jua la chini juu ya maji, ikisemwa ni ya Mtoa, ni lazima iwe ya asubuhi. Ikiwa watu wameandika kwamba ni jioni, basi ama mahali si penyewe, ama saa si yenyewe.

(c) Pima kivuli. Mwezi Juni, wakati jua liko juu kabisa, huwa upande wetu wa kaskazini, na kivuli huanguka kuelekea kusini. Mwezi Desemba ni kinyume: jua liko kusini na kivuli kinaanguka kuelekea kaskazini. Walimu wanaweza kuwaonyesha watoto kwa kusimamisha mti wa mita 1 uwanjani. Mwezi Juni kivuli chake cha adhuhuri kinazidi kidogo nusu mita. Mwezi Desemba ni kama theluthi ya mita. (Adhuhuri hiyo ya jua ni karibu saa saba kwa saa za hapa, na karibu saa sita kwa saa za Kalemie, kwa sababu ya saa za nchi mbili kutofautiana.) Ukishajua ufuko uko upande gani, kivuli cha nguzo ya banda kinaweza kukuambia kama picha ilipigwa majira ya mashambulizi ya Juni na Julai au majira ya mvua.

(d) Tazama milima na hewa. Kiangazi, nyasi zinapochomwa, hewa ya ziwa hujaa moshi na ng'ambo haionekani. Baada ya mvua milima ya upande wa pili huonekana wazi. Umbo la vilima vya nyuma halibadiliki haraka kama nyumba. Mtu aliyekua mahali pale anaweza kulitambua mara moja, hata kama hajawahi kuona ndege ya aina ile. Hapa mzee asiyesoma anamshinda mtaalamu.

(e) Usipime ufuko wa zamani kwa ufuko wa leo. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka. Mwaka 1878 lilikuwa limejaa hadi juu. Kisha mto Lukuga ukafungua njia, na hadi miaka ya 1890 maji yalishuka kama mita 10. Yalipanda tena sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika mwaka 2021 na 2024 yaliingia katika nyumba za watu Uvira, Kalemie na Bujumbura. Kwa hiyo mchanga unaouona mbele ya banda katika picha ya 1916 huenda leo uko chini ya maji.

(f) Angalia kama picha imegeuzwa. Zamani picha zilipigwa juu ya vioo. Kioo kikichapwa upande usio wake, kushoto kunakuwa kulia. Tafuta herufi au namba kwenye ndege, vifungo vya koti, au mkono unaoshika bunduki. Picha iliyogeuzwa itakuonyesha ziwa upande wa magharibi wakati liko mashariki, na hesabu yako yote ya jua itaharibika.

(g) Kumbuka kwamba kinachoonekana chaweza kuwa hila. Inasimuliwa kwamba kabla ya mashambulizi ya Juni 1916 mzinga mkubwa wa Graf von Götzen ulikuwa umekwisha kuondolewa kutumika nchi kavu, na mahali pake pamewekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga. Kutoka angani, au katika picha ya mbali, gogo na chuma ni kitu kimoja.

(h) Mwisho, hesabu watu. Nani yuko mbele, nani yuko nyuma? Nani amevaa viatu? Nani anatazama kamera, na nani anaendelea na kazi? Nani yuko nusu ndani ya picha kwa sababu mpiga picha hakumlenga? Andika hayo yote, hata kama hujui jina la mtu.

WALIO NYUMA YA PICHA

Rubani Aimé Behaeghe hakurudi kwao. Aliugua akafa Desemba 1916 huko Niemba, kwenye njia ya reli ya Kalemie. Kijiji alichozaliwa huko Ubelgiji, Kachtem, kinamkumbuka mpaka leo. Hilo ni jambo jema, wala hatumwonei kijicho marehemu. Alikuwa kijana wa miaka 26 tu aliyeruka juu ya maji yasiyo na huruma.

Lakini turudi kwenye masanduku. Yalishushwa na kupakiwa mara sita kati ya Matadi na ziwa. Mikono iliyoyashusha ilikuwa ya nani? Waliokata nguzo za mabanda walitoka vijiji gani? Waliosimama majini hadi kiunoni wakiishika ndege isigonge mawe, mmoja wao aliitwa nani? Maandishi ya picha za wakati ule mara nyingi husema "wenyeji" tu, au "wapagazi", au hayasemi kitu. Mzungu ana jina na cheo. Mwenzake mweusi aliye hatua moja nyuma yake ni sehemu ya mandhari, kama mti.

Watu hao hawakuwa wachache. Kwa upande wa Kongo, hesabu inayotajwa mara nyingi kwa vita yote ni ya wapagazi 260,000. Walibeba chakula, risasi na wagonjwa kutoka Kivu na Tanganyika hadi Tabora na mbele zaidi. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara, baridi na uchovu, si kwa risasi. Bulamatari aliagiza idadi ya watu kwa machifu, na watu walikwenda kama idadi. Mtu aliyeandikwa kama idadi akifa, idadi hupungua, lakini jina halifutwi kwa kuwa halikuandikwa.

Mashahidi wa 1916 wote wamekufa. Hata hivyo habari haijakwisha kabisa. Wazee waliotoka ufuko wa Kalemie na Fizi wanajua majina ya vilima, vijito na mahali pa kutua mitumbwi. Wengine walisikia kwa babu zao habari za kubeba mizigo ya vita. Maneno hayo ni ushahidi pia, yakiandikwa vizuri: nani amesema, alisikia kwa nani, katika kijiji gani, na alikuwa na umri gani alipoyasikia. Bila hayo, habari ya kweli na hadithi ya jioni zinachanganyika.

MELI ILIYOLENGWA

Graf von Götzen haikuishia chini ya ziwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Mafuta yale mazito yalikuwa yamesaidia, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya: Liemba. Ndiyo, ni Liemba hiyohiyo tunayoijua.

Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa uliitumia Liemba kuwarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000, katika safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Baadhi yao walirudi tena huku mwaka 1998 vita ilipowaka upya. Mei 2015 ilitumika tena kuwatoa ndugu zetu wa Burundi waliokuwa wamesongamana Kagunga, ufukweni, kuwafikisha Kigoma. Meli iliyoundwa kwa ajili ya watawala, ikavishwa mzinga, ikatupiwa mabomu na ndege za Mtoa, ndiyo iliyobeba akina mama na watoto wetu.

Kuna picha nyingi za safari hizo. Wapiga picha wa mashirika na wa magazeti walikuwapo. Ukizitazama, maandishi ya chini mara nyingi yanasema: "wakimbizi wakipanda meli". Tulinganishe na "wapagazi" wa 1916. Kamera ni bora zaidi na nia ni njema zaidi, lakini mtu aliye katika picha bado hana jina. Miaka 100 ikipita, mjukuu wa mmoja wetu ataiona picha hiyo, naye atauliza swali lilelile: hawa ni akina nani?

PICHA ZETU WENYEWE

Wengi wetu hatukuvuka na picha yoyote. Picha za harusi, za ubatizo, za wazazi marehemu ziliungua au zilibaki ukutani. Wengine waliokoa mbili au tatu, zikaharibika kwa moshi na mvua. Mwaka 2009, kambi ya Lugufu ilipofungwa na watu kuhamishwa, familia nyingine zilipoteza hata zile zilizopigwa huku. Kwa hiyo zilizobaki zina thamani kuliko zinavyoonekana.

Lipo jambo moja ambalo ni lazima lisemwe wazi. Wapagazi wa 1916 hawakuandikwa majina kwa sababu hakuna aliyewajali. Katika wakati wetu kuna watu ambao majina yao hayakuandikwa kwa sababu wenyewe waliogopa. Jina chini ya picha liliweza kumfikia adui, na ndugu aliyebaki nyuma akalipia. Hofu hiyo ni ya haki, na mtu asilazimishwe. Lakini kunyamaza kwa usalama na kusahaulika ni mambo mawili. Mtu anaweza kulinda jina bila kulipoteza: picha ikatolewa bila jina, na jina likabaki kwenye daftari la familia, mikononi mwa mtu mmoja anayeaminika.

Kwa hiyo tunashauri kila familia ifanye yafuatayo:

1. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja na kuonekana upande wa mbele.

2. Andika mambo matano: ni nani, kuanzia kushoto kwenda kulia, ni wapi, ni lini, au angalau kabla au baada ya tukio gani, nani alipiga picha, na nani alikuwapo ila haonekani.

3. Mtu usiyemjua jina, usimruke. Andika unachokijua: "jirani aliyetusaidia kubeba mizigo toka ufukweni", "fundi aliyejenga banda letu la kwanza". Huenda mwingine atamtambua.

4. Picha zilizo katika simu ziandikwe kwenye daftari, maana simu hupotea na huharibika.

5. Weka picha katika bahasha ya karatasi, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na jiko na mchwa. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, na picha hushikamana.

6. Pasipo na picha, andika orodha: waliokuwa katika mtumbwi mmoja, waliojenga pamoja, waliozikwa njiani. Orodha ya majina bila picha ina faida kuliko picha bila majina.

Walimu wa historia wanaombwa kuwatuma wanafunzi kwa wazee na daftari, wakianzia na majina ya mahali. Vijana wenye picha za kale za ziwa katika simu zao, za Mtoa, Kalemie, Uvira au Kigoma, wazionyeshe kwa wazee kabla ya kuzituma mbele, na kuandika yale watakayoambiwa. Mzee mmoja akikitambua kilima, tayari tutakuwa tumeisaidia hata makumbusho ya Tervuren.

Wenye picha au orodha wanazotaka zihifadhiwe wawaone viongozi wa vijiji vyao. Picha itatazamwa mbele ya mwenyewe, maelezo yake yataandikwa, na itarudishwa mikononi mwake siku hiyohiyo. Asiyejua kuandika asione haya kuja. Penseli zipo, na waandishi wapo.